"Will" Si Wakati Ujao Peke Yake

Mwalimu mwenzetu aliyeandika kwamba neno "will" la Kiingereza ni alama ya wakati ujao na si zaidi, sawasawa na -ta- yetu, ametukosea insafu sisi wakazi wa Lubumbashi, ambao wengi wetu hufanya biashara na Wazambia mpakani Kasumbalesa, na hatuna budi kujua nani ameridhia na nani amekataa. Asili ya neno hilo ni kutaka, na irada ile haijalitoka hata leo: asemaye "I'll help you" hatabiri jambo, bali ajitolea, na asemaye "he won't pay" aghalabu hasemi habari za kesho, bali kwamba mtu yule amekataa, tena amekataa sasa hivi. Fundi wa hapa, akizungusha ufunguo na injini ikanyamaza, husema mutukari inakatala. Mwingereza husema "it won't start", na Mfaransa naye huipa motokari ileile kitenzi cha kutaka. Ama hiyo -ta- aliyoitolea ushahidi, Mungu amsamehe, wanazuoni wengi huinasibisha na kitenzi taka. Namsihi, kabla ya kuwafundisha vijana wetu kanuni yake, asimame nusu saa mbele ya gereji yoyote.