Wikipedia: mabishano siyo hatari, hatari ni pale hakuna mutu wa kubisha

Mwanafunzi mumoja alikuja ku redio yetu, kaye ya masomo mukono moja, telefone mukono mwingine. Mwalimu alimupatia kazi juu ya historia ya muji wake. Alifungua Wikipedia ya Kifaransa, akakuta tarehe, akaiandika. Wiki iliyofuata, mbele ya kupeleka kazi, alifungua tena ukurasa uleule: tarehe ilikuwa imebadilika. Alituuliza: «Sasa Wikipedia inasema uwongo leo, ao ilisema uwongo wiki iliyopita?»

Swali ni zuri, na halimuhusu yeye peke yake. Siku hizi mutu akitafuta ku telefone jina la muji, la mwami, la ugonjwa ao la vita, mara nyingi Wikipedia njo inatokea ya kwanza. Zile programu za akili bandia ambazo vijana wanaulizaka kazi za masomo, nazo zimefundishwa kwa sehemu na maandiko ya Wikipedia. Na tuseme ukweli: hata sisi waandishi wa habari tunaifunguaka. Basi inafaa tujue nani anaandika mule, wakikosana wanafanya nini, na wakati gani sisi wasomaji tunapaswa kuogopa.

Nani anaandika?

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001 kule Marekani, kwa kazi ya Jimmy Wales na Larry Sanger. Leo iko katika lugha zaidi ya 300. Ya Kiingereza imepita makala milioni 6, ya Kifaransa imepita milioni 2. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na ingali ndogo sana mbele ya hizo.

Wanaoandika ni watu wa kujitolea. Hawalipwi. Wikimedia, shirika la Marekani linalochunga mashine na pesa, kwa kawaida haliamui neno gani liandikwe. Kila lugha ina kundi lake la wahariri, na kundi hilo linachagua wasimamizi wenye uwezo wa kufunga ukurasa ao kumufungia mutu mulango.

Sheria kubwa ni tatu. Usiegemee upande moja. Kila jambo linaloweza kubishiwa liwe na chanzo kilichochapishwa. Na usilete utafiti wako mwenyewe. Maana yake: Wikipedia haikuulize kama ulikuwepo siku ile. Inakuuliza: imeandikwa wapi? Tukumbuke hiyo, tutairudilia.

Watu wawili wakikosana, mumoja anafuta maneno ya mwingine, yule mwingine anayarudisha. Katika Wikipedia ya Kiingereza, mutu akirudisha zaidi ya mara tatu ku ukurasa moja ndani ya saa 24, anaweza kufungiwa. Wanatakiwa kuacha kuvutana na kwenda ku sehemu inayoitwa Majadiliano, nyuma ya kila ukurasa, ili kila mumoja alete vitabu vyake. Na kuko sehemu nyingine inayoitwa Historia: pale kila badiliko limeandikwa na siku yake na saa yake.

Muji mumoja, majina mawili

Tuchukue kwanza mufano wa mbali, kwa sababu ya karibu inaumiza roho.

Kule Poland, ku bahari ya Baltiki, kuko muji wa Gdańsk. Wajerumani waliuita Danzig. Muji huo ulipita mikono mingi: mashujaa wa dini wa Kijerumani waliuteka mwaka 1308, kisha ukakaa chini ya wafalme wa Poland, kisha chini ya Prusia, na pale vita vya pili vya dunia vilianza mwaka 1939. Tangu 1945 ni muji wa Poland.

Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walipigania jina hilo muda murefu. Asubuhi Gdańsk, mangaribi Danzig. Ukiangalia kwa haraka utasema ni watoto wanachezea telefone. Lakini nyuma ya jina kuko makaburi, kuko watu waliofukuzwa nyumbani kwao, kuko swali: muji huu ni wa nani?

Mwaka 2005 walipiga kura. Wakakubaliana hivi: ukisimulia mambo ya toka 1308 mupaka 1945, andika Danzig, mambo ya mbele ya 1308 na ya nyuma ya 1945, andika Gdańsk. Na pale inafaa, weka majina yote mawili. Si wote walifurahi. Lakini vita vya kufutana vilipungua, na mupaka leo mutu yeyote anaweza kwenda kusoma kila upande ulisema nini.

Sisi wa huku tunaelewa haraka. Bukavu iliitwa Costermansville, Kisangani iliitwa Stanleyville, Kalemie iliitwa Albertville. Ukiandika mambo ya waasi wa Simba ya mwaka 1964, utasema walikamata Kisangani ao Stanleyville? Vitabu vya wakati ule vinasema Stanleyville. Mujukuu wa leo anajua Kisangani. Hapa mabishano hayaharibu kitu. Yanalazimisha watu kusema wazi: tunasimulia wakati gani?

Pale wabishi walifukuzwa

Sasa tuone upande mwingine. Kroatia ni inchi ndogo ya Ulaya, yenye watu karibu milioni 4. Wakati wa vita vya pili vya dunia, kati ya 1941 na 1945, ilitawaliwa na Waustasha, marafiki wa Hitler. Walijenga kambi inayoitwa Jasenovac. Waliuwa pale Waserbia, Wayahudi, Waroma, na Wakroatia wenyewe waliowapinga. Makumbusho ya kambi hiyo imekusanya majina ya waliokufa, moja moja: yanapita 83 000.

Lakini mwanafunzi wa Kroatia aliyefungua Wikipedia ya lugha yake alikuta mambo yamepunguzwa uzito. Jasenovac iliitwa kambi ya kukusanya watu na ya kazi. Kwa nini? Kwa sababu kwa karibu miaka kumi, kikundi kidogo cha wasimamizi chenye siasa kali kilishika Wikipedia ile. Mutu akileta kitabu cha kuwapinga, maneno yake yanafutwa. Akirudia, anafungiwa. Na wakati wa kura, akaunti za uwongo zilisaidia upande wao kushinda.

Mwaka 2013 magazeti ya Kroatia yalipiga kelele, na waziri wa elimu wa wakati ule, Željko Jovanović, alishauri wanafunzi waiache, watumie vyanzo vingine, hata Wikipedia ya Kiingereza. Hata hivyo kikundi kiliendelea miaka mingine. Ni mwishoni mwa 2020 ndipo wahariri wa lugha mbalimbali walimufukuza mumoja wa wakubwa wake, na wengine wakapoteza uwezo wao. Mwaka 2021 Wikimedia ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba historia ilipindishwa kwa kusudi.

Angalieni vizuri jambo moja. Wakati mabaya yalikuwa mengi, kurasa zile zinaweza kuonekana zimetulia. Hakuna kelele, hakuna kufutana. Musomaji akasema: ah, hapa kuko amani, basi ni kweli. Kumbe amani ile ilikuwa ya nyumba ambayo wabishi wote wamefukuzwa.

Mara nyingine hakuna mutu mubaya hata mumoja. Mwaka 2020 iligundulika kwamba kijana wa Marekani alikuwa ameandika makala zaidi ya 20 000 katika Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Scotland, na yeye lugha hiyo hakuijua. Alichukua Kiingereza akakigeuza-geuza maneno. Alifanya kwa moyo mwema, miaka na miaka, tangu akiwa mutoto. Juu ya nini haikuonekana mapema? Kwa sababu wenye lugha hawakuwa pale kwa wingi, wa kumwambia: hapana, kijana, sisi hatusemi vile.

Na kwetu?

Wikipedia ya Kiswahili inafuata Kiswahili sanifu cha Tanzania na Kenya. Tunakisoma, tunakielewa, lakini siku moja moja kinatukwamisha. Ndani yake andiko linaitwa makala, na hata sisi hapa tunatumia neno hilo tukiandika. Lakini mwambie mama wa soko la Goma ao la Uvira kwamba Wikipedia ina makala maelfu na maelfu: atakuuliza gunia ni bei gani. Huku makala ni ya kupikia.

Hiyo ni ya kucheka. Lakini nyuma ya kicheko kuko jambo. Kiswahili ni lugha ya mamilioni ya watu wa Kivu, Ituri, Maniema, Tanganyika na Katanga, na humo Wakongomani wanaweza kuandika juu ya vijiji vyao, mito yao na vita vilivyowapitia. Wasipokuwepo, ataandika mwingine. Pengine ataandika vizuri. Pengine atakuwa kama yule kijana wa Kiskoti. Pengine kama wale wa Kroatia.

Kurasa za Kifaransa na Kiingereza juu ya vita vya mashariki ya Kongo zinabadilishwa mara nyingi. Kila upande unataka jina lake: huyu anasema waasi, yule anasema wakombozi, huyu anaandika wavamizi, yule anaandika wenyeji. Tusishangae. Watu wanaokosana ku kijiji watakosana pia ku mutandao. La kuuliza ni hili: wote wanaohusika wanafika pale? Mutu wa Kinshasa, wa Kigali, wa Brussels ao wa Nairobi ana moto nyumbani na mega ku telefone. Mutu aliyekimbia kijiji akalala chini ya hema hana. Mwenye mega njo anabisha mwisho, na anayebisha mwisho, maneno yake yanabakia.

Kisha kuko ile sheria ya chanzo. Mzee wa Shabunda ao wa Fizi anajua nani alikufa ku kijiji chake, na siku gani. Wikipedia haiwezi kumupokea, kwa sababu hakuna alichochapisha. Kuko watu wanaosema sheria hiyo inatuonea, na si uwongo. Lakini fikirini kama isingekuwepo: kila mumoja angeleta «babu yake alisema», na babu wawili wa vijiji viwili vinavyogombea mupaka hawasemi sawa. Sheria inakinga, na papo hapo inafungia inje watu ambao hawajaandikwa.

Dawa si kuvunja sheria. Dawa ni kuandika. Hapa sisi wa redio tunajilaumu kwanza. Habari tuliyoisema hewani saa kumi na mbili na nusu inaenda na upepo. Tukiiandika pia, na tarehe, na mahali, na nani alisema, na upande wa pili ulijibu nini, hapo inaweza kuwa chanzo. Vilevile vyuo vikuu vyetu, parokia, mashirika ya kiraia: kazi za wanafunzi na ripoti zinazooza ndani ya makabati ni vyanzo vilivyofungiwa.

Ufanye nini ukifungua ukurasa?

Kwanza, usikimbie ukikuta watu wanabishana. Ukurasa wenye majadiliano marefu na vyanzo vya pande nyingi unaweza kuwa wa kuaminika kuliko ule uliotulia.

Pili, ku telefone, shuka mupaka chini kabisa: pale panaandikwa mara ya mwisho ukurasa ulibadilishwa. Gusa, utafika ku Historia. Ukiona mutu mumoja tu njo anaandika yote, ao badiliko kubwa limeingia jana usiku bila chanzo, ngojea mbele ya kulituma ku WhatsApp ya familia.

Tatu, angalia namba ndogo zilizo mwisho wa mistari. Zinapeleka ku chanzo. Mustari wenye kumushitaki mutu ao kabila fulani bila namba, usiubebe.

Nne, ukijua kosa na ukiwa na chanzo, sahihisha, ao andika ku Majadiliano kwa heshima. Lakini tuwe na akili. Ku inchi ya vita, maneno yanaweza kuleta matatizo mulangoni mwa mutu. Wikipedia inaruhusu jina la bandia: tumia hilo, usitaje mahali unakaa. Na mambo yanayoweza kukuletea hatari, yaache kwanza. Historia haikimbie.

Tukarudia kwa yule mwanafunzi. Tulifungua naye Historia ya ukurasa. Tarehe ya kwanza iliwekwa na mutu aliyetaja kitabu. Ya pili iliwekwa na mwingine ambaye hakutaja kitu. Tulimwambia asifute hata moja: aandike zote mbili, na aeleze ipi ina chanzo na ipi haina. Ukurasa mumoja wa kazi ukawa kurasa mbili. Mwalimu atamupatia pointi ngapi, tutaona.