Kusali na Marafiki kwa Mara ya Kwanza

Swali la juma hili limetoka kwa mwenzetu ambaye binti yake amechumbiwa katika familia ya Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa pia Wakweka. Yeye ni Mkatoliki tangu utoto. Anauliza: akienda kusali na hao wakwe, atakuta nini? Ni kweli kwamba hawabatizi? Jumapili iliyopita tulimsindikiza, tukiwa wamama wanne, ili tumjibu kwa yale tuliyoyaona.

Habari ya nguo isikusumbue. Kitenge chako cha kila Jumapili kinatosha. Korali ziliimba kwa Kiswahili na Kibembe, ngoma zikapigwa, sadaka ikatolewa, na matangazo yalikuwa marefu (hapo hakuna kanisa la Fizi linaloweza kumcheka mwenzake). Mchungaji akahubiri. Mwenzetu alikuwa akitutupia jicho, kama kusema: sasa tofauti iko wapi?

Ilikuja baada ya mahubiri. Mchungaji aliketi, akasema tumngojee Mungu. Basi, watu wote wakanyamaza. Hakuna aliyeongoza sala, hakuna kinanda cha chini chini. Tulisikia kuku nje, na pikipiki ikipita barabarani.

Sisi wa Fizi tunajua kunyamaza kwa namna nyingi. Kuna kule kwa usiku, unaposikiliza kama ni radi au ni risasi. Kuna kule kwa nyumba ambayo mume amekasirika. Kuna kule kwa mtu aliyeona jambo na anajua akilisema litamwua. Kwa hiyo dakika za kwanza miili yetu ilikaa kwa wasiwasi, na mmoja wetu alishika mkoba wake kama mtu anayetaka kukimbia. Baadaye mabega yakashuka. Watu walikuwa wamenyamaza pamoja bila mtu kumwogopa mwenzake, na hilo kwetu ni jambo geni.

Kisha mama mmoja mzee akasimama. Alisema maneno machache juu ya jirani yake na ng'ombe walioingia katika muhogo, kwamba amechoka kuibeba hasira hiyo kila asubuhi anapokwenda shambani. Akaketi. Hakuna aliyemjibu wala kumpa shauri. Ndiyo desturi yao: neno lililotoka katika kimya huachwa likae, watu walipime moyoni. Sisi tungalikuwa tumeanza kumshauri kabla hajaketi.

Jambo hili lina mizizi ya zamani. Marafiki walianza Uingereza katika miaka ya 1650, wakati George Fox alipofundisha kwamba Mungu anaweza kusema na kila mtu moja kwa moja, bila kumpitia padri. Wakasema: ikiwa ni kila mtu, basi na mwanamke pia. Mama mmoja wao, Margaret Fell, alifungwa kwa imani hiyo, na akiwa gerezani akaandika kitabu cha kutetea haki ya wanawake kuhubiri. Kilitoka mwaka 1666. Jina la Marafiki lenyewe linatoka katika Yohana 15, pale Yesu anapowaita wanafunzi rafiki zake.

Kwetu Afrika Mashariki, Wamarekani watatu walifungua misioni ya Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Wakweka wengi kuliko zote duniani. Mmoja wa wale watatu, Arthur Chilson, alikwenda pamoja na mke wake Edna kuanzisha Kibimba, Burundi, mwaka 1934. Huku kwetu kanisa lina makao Uvira, na wengi wenu mnalijua kwa hospitali yake ya Abeka, hata kama hamkujua kwamba ni ya Wakweka.

Sasa ubatizo, maana hilo ndilo linalomnyima mwenzetu usingizi. Tangu zamani Marafiki hawabatizi kwa maji, wala hawagawi mkate na kikombe. Wanasema ubatizo ni wa Roho, na kila chakula kinacholiwa kwa shukrani kinamkumbuka Bwana. Makanisa mengine ya Marafiki yameruhusu maji, kwa hiyo usibishane na wakwe kwa kusikia tu. Muulize mchungaji wa pale pale, na uulize kabla ya mahari, si baada. Mwenzetu hakuridhika. Anataka wajukuu wapitie majini, na hatutamwambia kwamba anakosea. Lakini alitoka akisema kwamba watu wanaoweza kukaa namna ile hawatamtesa binti yake kwa maneno. Hilo nalo tuliliona kuwa hesabu nzuri.

Tutasema na lingine, bila kupaka asali: siku ile waliosimama kusema walikuwa wanne, na watatu walikuwa wanaume. Zaidi ya miaka 400 tangu Margaret Fell azaliwe! Wamama wa Marafiki mnaosoma hapa, mnatuelewa.

Kwa wenye watoto wachanga: kaa karibu na mlango ukitaka, lakini si lazima. Mtoto wa mmoja wetu alilia katikati ya kile kimya, na bibi wa benchi ya nyuma akanyoosha mikono kumpokea bila hata kufungua macho.