Intavyuu ya duka la michezo, mimi nikaenda na tai!

Siku nyingi sijaandika, mitihani ilinibana, halafu boom nalo likakata mapema kuliko nilivyopanga. Ndiyo maisha ya chuo. Leo nina la moyoni kuhusu mavazi ya kwendea kuomba kazi, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe ili nisionekane nawacheka wengine.

Basi bwana, mwezi uliopita mshikaji aliniambia kuna duka la vifaa vya michezo kule Gerezani linatafuta wauzaji wawili wa kipindi cha likizo. Kutoka chuoni kwetu Chang'ombe mpaka Gerezani si mbali, na mama nilikuwa nimeshamwahidi kuwa likizo hii simwombi hata nauli. Nikasema hii siikosi.

Sisi wa ualimu tuna vazi moja tu la heshima, lile la TP: suruali ya kitambaa, shati jeupe, tai. Koti nikaazima chumba cha jirani. Viatu navyo vya kuazima, saizi 42, wakati mimi navaa 44. Sabuni, pasi, kiwi na nauli vikanila pesa ya chakula. Siku hiyo nilikula mlo mmoja.

Tulifika watu tisa. Bosi, mtu wa makamo, vyeti hakugusa. Kila mmoja alimpa kazi ileile: "Panda stoo juu, niletee njumu saizi 41 na mipira miwili, haraka, mteja anasubiri." Jamani! Ngazi nyembamba, joto la Kariakoo mnalijua, mimi na koti. Nilirudi nachechemea, jasho linatiririka, tai imekimbilia begani. Bosi akanitazama. "Mwalimu, umekuja kuuza au kusahihisha madaftari?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini ndani iliuma. Mmoja wa waliopata kazi alikuwa kijana mwenye fulana ya kola, suruali ya kawaida na raba za zamani zilizosuguliwa mpaka soli.

Nimelitafakari sana, na nakiri kwamba hapo sikuonewa. Tumelelewa kuamini kuwa heshima ni suti. Mavazi ya usaili yanapaswa kumwonyesha mwajiri kwamba unaijua kazi yake. Benki wanataka tai, sawa. Duka la michezo wanataka mtu atakayepanda ngazi, atakayeinama kumjaribisha mtoto raba, na jioni bado ananukia vizuri. Usafi ndiyo heshima yenyewe. Kucha, kwapa, kola, soksi (utavua viatu, shauri yako!).

Pili, jezi. Kuna mwenzetu alikuja na jezi ya Yanga, akidhani ndiyo uanamichezo. Ndugu yangu, hapo ukitembea kidogo unaikuta Msimbazi, nyumbani kwa Simba, na upande mwingine kuna Twiga na Jangwani, kwa Yanga. Klabu zenyewe ni za 1935 na 1936, ugomvi wao umewazidi umri babu zetu wengi. Mteja wa Simba akiingia akakukuta umevaa kijani, utani utaanza kabla ya biashara. Na kama jezi yako ni feki, muuza jezi anaijua kwa kutazama mshono tu. Umekwenda kumwonyesha kuwa hununui anachouza! Mapenzi ya timu yaache nyumbani siku hiyo, utayakuta.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Kulikuwa na dada mmoja amevaa hijabu, nadhifu kabisa, raba miguuni. Nilimsikia mtu mmoja pale dukani akinong'ona, "Huyu atauzaje vifaa vya michezo?" Dada yule alishusha macho. Alipoitwa alileta njumu kabla yetu wote, lakini kazi hakupata. Sijui kilichoamua, ila mnong'ono ule niliusikia. Hapa nakataa kabisa. Hijabu iliruhusiwa rasmi kwenye mpira wa miguu duniani mwaka 2014, na kwenye kikapu mwaka 2017. Kama anaweza kuivaa akicheza, atashindwaje kuivaa akiuza? Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa dini, na inamhesabu hata mtu anayeomba kazi. Mimi kubadili viatu ni rahisi. Yeye anaambiwa abadili nini?

Kwa hiyo mabosi nao niwaambie kidogo, kwa heshima. Mkiita watu, semeni mapema: njooni na viatu vya kazi, kutakuwa na kupanda ngazi. Sentensi moja tu. Itamwokolea mtu pesa ya chakula, na ninyi mtapima kazi badala ya koti la kuazima.

Na sisi wanachuo tuache kuazima maisha. Ukikosa kabisa, kwenye mitumba ya Karume ukiwahi asubuhi na kuchambua kwa subira hukosi fulana ya kola inayokutosha. Iliyo yako, imefuliwa, imepigwa pasi. Siku moja kabla pita nje ya duka, tazama wauzaji wanavyovaa, wewe panda ngazi moja juu yao kwa unadhifu, basi. Mimi nisingechechemea kama ningefanya hivyo.

Wiki ijayo nina usaili mwingine, palepale Gerezani, duka la mabegi. Tai imerudi kabatini inasubiri TP. Viatu nitavaa vyangu, saizi 44, vimechakaa kidogo lakini vinanijua.

Nawakilisha!