Kodi ya Jengo Kwenye LUKU: Tusikatwe Kimya Kimya



Leo tunaweka hina pembeni kidogo, tuzungumzie meseji ya LUKU. Ile inayoingia kwenye simu ukishanunua umeme, ambayo wengi wetu tunatafuta tarakimu za tokeni tu na kuifuta. Ndani yake, mbali na VAT, REA na EWURA, kuna kodi ya jengo. Kwa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba mnaonunua TUKUZA, huenda jambo hili ni geni. Lakini mnaolewa bara, na bara ndiko linakowasubiri. Sisi tunashona Mgori, mkoani Singida, na mabibi harusi tunaowapima mashela hapa wengi wanaishia kupanga chumba na sebule Singida mjini, Dodoma au Dar es Salaam. Wanarudi kwetu na malalamiko yale yale: umeme umeniishia haraka, sijui kwa nini.

Agosti 2021 Serikali ilianza kukata kodi ya majengo kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ilikuwa Sh 1,000 kwa mwezi, na ghorofa Sh 5,000 kwa kila sakafu. Julai 2023 viwango vikapanda, nyumba ya kawaida Sh 1,500 kwa mwezi, yaani Sh 18,000 kwa mwaka, na kila sakafu ya ghorofa Sh 90,000 kwa mwaka. Usiponunua umeme miezi mitatu, siku ukinunua unakatwa ya miezi yote mitatu.

Hatupingi kodi. Barabara na zahanati hazijengwi kwa dua peke yake. Tunachokataa ni mtu kulipa kodi isiyo yake kwa sababu tu mita iko karibu naye. Sheria inamtaka mwenye nyumba alipe, lakini LUKU haimjui mwenye nyumba. Inaijua mita, na anayeilisha mita ni aliye ndani, mara nyingi mwanamke anayepika, anayepiga pasi, anayeshonea watu kwa cherehani ya umeme.

Chukueni mfano wa bi harusi aliyehamia nyumba iliyokaa wazi miezi sita. Ananunua umeme wa Sh 10,000, wa kwanza kabisa katika ndoa yake, na Sh 9,000 zinaondoka kulipia miezi ambayo yeye alikuwa bado kwao anachagua kitambaa. Mume anafikiri mke anamaliza umeme. Tumeshuhudia ugomvi wa namna hiyo, na ulikuwa wa kitu kilichoandikwa kwenye meseji ambayo hakuna aliyeisoma.

Serikali ilishasema mpangaji akikatwa arudishiwe na mwenye nyumba. Ni sawa kwa maneno. Kwa vitendo, msichana wa miaka 22 aliyehamia juzi atamwambiaje baba mwenye nyumba, "Shikamoo mzee, naomba 1,500 yangu"? Anaona haya. Na lugha yenyewe haimsaidii, maana kodi tunayompa mwenye nyumba kila mwezi tunaiita kodi, na hii nayo ni kodi. Wapo wenye nyumba wanaojifanya hawaoni tofauti. Sisi tunasema adai, kwa adabu, na meseji mkononi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika madeni, na haikusema tuandike makubwa tu.

Kuna jambo linalotuuma zaidi ya hilo la mabibi harusi, nalo ni la mama zetu.

Sheria imemsamehe mtu aliyefikisha miaka 60 kodi ya nyumba moja anayoimiliki na kuishi mwenyewe. Ile ya pili aliyoipangisha haimo. Watu wenye ulemavu nao wana msamaha kwa masharti yake, na nyumba za tope na za nyasi hazitozwi kabisa, kwa hiyo tembe za bibi zetu wa Kinyaturu zimepona. Sasa mmoja wetu ana mama mjane mwenye miaka 67, anayeishi kwenye nyumba yake ya bati Singida mjini. Mita haijui kuwa ana miaka 67. Hesabuni miaka minne ya fedha, kuanzia 2021/22: 12,000, tena 12,000, kisha 18,000 na 18,000. Sh 60,000 zimetoka kwa mtu ambaye sheria ilishamwambia apumzike. Kwa bei zetu hizo ni magauni mawili ya kushona, na si ya kitenge cha mchezo.

Alipokwenda kuuliza, ofisi moja ikamwelekeza nyingine, na ile nyingine ikamwambia arudi na barua. Nauli ya bajaji, kurudufu karatasi, siku nzima bila kuuza. Ukijumlisha, kudai msamaha wa mwaka kunakaribia kula msamaha wenyewe. Ndiyo maana wazee wengi wanaacha. Kitambulisho cha NIDA kina tarehe ya kuzaliwa. Kwa nini mzigo wa kuthibitisha uzee uwe wa mzee? Kukata kunafanyika chenyewe, basi na kusamehe kungefanyika chenyewe.

Wenzetu Kampala wakifanyiwa uthamini mpya wa majengo, wenye mali huwekewa baraza la kusikiliza mapingamizi, na nyumba anayoishi mwenyewe mwenye nyumba haitozwi. Kwetu kiwango ni kimoja kwa wote, hakuna thamani ya kubishania. Cha kubishania ni ukweli: nyumba ya nani, anaishi nani, ana miaka mingapi, mita ni ngapi. Na hili la mita lina pande mbili. Nyumba moja yenye mita tatu inatakiwa kulipa mara moja, si mara tatu, kwa hiyo mkikatwa zote, dai. Lakini nyumba mbili zinazotumia mita moja ni majengo mawili, na kodi ni mbili. Tukishikilia la kwanza na kulifumbia macho la pili, tutakuwa kama fundi anayepima kwa futi ndefu akinunua kitambaa na fupi akiuza.

Kwa aliye kijijini kama sisi, aulize kwanza halmashauri kama eneo lake limo katika yanayotozwa. Kwa mama aliye mjini, tunashauri mtoto mmoja ajitolee siku moja. Achukue nakala ya NIDA ya mama, namba ya mita, karatasi ya umiliki wa nyumba na barua ya serikali ya mtaa inayosema mama anaishi humo, aende TRA. Akitumwa halmashauri, aende na karatasi zile zile. Aombe kupokelewa kwa maandishi, apige picha barua iliyogongwa muhuri. Kama mita bado ina jina la marehemu baba, aanzie hapo, maana nyumba ambayo mirathi yake haijagawanywa ina matatizo zaidi ya 1,500.

Na wewe unayefunga ndoa mwezi huu, ukipewa nyumba kama mahari, uliza mita ni ya jina gani na inadaiwa nini. Ukipanga, mkataba uwe na mstari mmoja: kodi ya jengo ikikatwa kwenye LUKU inapunguzwa kwenye pango. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, nunua umeme kidogo mbele ya mwenye nyumba, msome meseji pamoja. Deni likiwepo litajitokeza hapo hapo, kabla hujatandika hata jamvi.