Yai la Mbuzi na Daftari la Mfugaji



Yai la mbuzi ni dogo kuliko chembe ya chumvi. Mbuzi jike huzaliwa akiwa na maelfu ya mayai hayo tumboni. Lakini kila anapohitaji dume, yaani kila baada ya siku 21 hivi, hutoa yai moja, mawili au matatu tu. Mimba yake huchukua miezi mitano. Kwa hiyo hata akiishi miaka mingi, watoto wake watahesabika. Siku akichinjwa, mayai yaliyobaki hutupwa pamoja na uchafu wa machinjioni.

Wataalamu wa nchi kadhaa wamejifunza kuyaokoa. Mbuzi akishachinjwa, huchukua vifuko vyake vya mayai wakavipeleka maabara vikiwa na uvuguvugu. Huko huyafyonza mayai kwa sindano nyembamba. Mayai hayo bado ni machanga, hayawezi kupokea mbegu ya dume. Basi huwekwa katika maji yenye chakula maalumu, ndani ya sanduku lenye joto la nyuzi 38 na nusu, kwa muda wa siku moja hivi. Yakikomaa, huchanganywa na mbegu za beberu. Yai lililorutubishwa hulelewa humo kwa siku saba hivi, kisha hupandikizwa katika tumbo la mbuzi mwingine ambaye atabeba mimba.

Kazi hii si ndoto. Huko Japani, mtaalamu alitangaza mwaka 1985 kwamba mwanambuzi amezaliwa kutokana na yai lililorutubishwa nje ya tumbo. Huko Barcelona, Hispania, watafiti wametumia hata mayai ya wanambuzi waliochinjwa kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Hata hivyo si kila yai hufaulu. Mengi hufia njiani, na ni sehemu ndogo tu inayofika siku ya saba.

Wako watu wanaosema kwamba mambo haya hayatuhusu sisi wa vijijini. Wengine wanataka maabara za namna hii zijengwe haraka, mbuzi wetu wawe wa kisasa. Mimi si bwana mifugo, ni mtumishi wa elimu ya watu wazima, lakini naona pande zote mbili zimesahau swali moja. Yai lile lililookotwa machinjioni ni la mbuzi gani?

Mbuzi yule alikuwa na maziwa mengi au kidogo? Alizaa pacha? Wanawe walipona? Mchinjaji hajui. Aliyemleta mnadani naye pengine alimnunua jana. Maabara haiwezi kuligeuza yai la mbuzi dhaifu kuwa la mbuzi bora. Mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Sisi husifu beberu tu, na mama hatumwulizi habari zake. Tena ada ya shule ikidaiwa, anayeuzwa kwanza ni jike mnene mwenye afya, kwa sababu ana bei. Anayebaki zizini kutuzalia ni yule aliyekataliwa na wanunuzi. Tukifanya hivyo miaka kumi, kundi zima litakuwa la waliokataliwa.

Katika miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa kutoka Norwei waliletwa Mgeta, mkoani Morogoro. Waliletwa wakiwa hai. Siku hizi mimba changa huweza kugandishwa na kusafirishwa ndani ya chupa ya baridi kali. Ni jambo jema. Lakini nchi iliyoandika habari za mbuzi wake ndiyo inayojua igandishe mimba ya nani.

Kwa hiyo nasema daftari litangulie maabara. Maabara hutaka umeme usiokatika, dawa za bei kubwa na watu waliosoma miaka mingi. Daftari hutaka kalamu, na nyinyi mmekwisha kujifunza kuishika. Kila jike apewe jina na ukurasa wake. Andika siku aliyopandwa, jina la beberu, siku aliyozaa, idadi ya watoto, wangapi walifika miezi mitatu, na vikombe vya maziwa vya kila asubuhi. Ikibidi kuuza, fungua daftari kabla ya kufungua zizi.