Tairi pana inapendeza Goma, lakini barabara ya Masisi na Walikale haiitaki

Ukisimama Sake asubuhi, pale barabara ya Masisi inapoachana na ile ya Minova, utaziona zikipita: Land Cruiser za kazi zilizovuliwa janti zake za chuma na kuvalishwa janti pana za aluminiamu, zinazong'aa, na tairi zilizotoka nje ya bodi kama mabega ya mpiga ngumi. Ndani mna abiria, juu mna magunia ya maharagi, na mbele kuna milima ya Mushaki, kisha Masisi-centre, kisha Nyabiondo. Wengine wanasukuma mpaka Walikale.

Tukizungumza juu ya barabara hii, mazungumzo huishia kwenye vita, na ni haki. Lakini kuna ajali na hasara ambazo hazikuletwa na risasi. Zimeletwa na bosi aliyechagua tairi kwa macho akiwa Goma, huku shofere na abiria ndio wanaokwenda kulala nayo matopeni.

Tairi pana haikuzaliwa kwetu. Ilitoka kwenye magari ya mbio, yale ya chini chini yanayokata kona kwa kasi juu ya lami kavu. Huko ina maana, kwa sababu mpira mwingi unaogusa lami unashika vizuri. Sasa, lami yetu iko wapi? Ukitoka Goma unaipata kidogo hadi Sake. Walikale nako kuna kipande cha Kilambo, na kile kilijulikana zaidi kwa ndege zilizokuwa zikitua juu yake kubeba madini kuliko kwa magari. Kwingine kote ni udongo, mawe na matope.

Tuchukue hesabu yenyewe. Land Cruiser nyingi za kazi hutembea na tairi iliyoandikwa 7.50R16. Upana wake ulioandikwa ni inchi 7 na nusu, yaani karibu sentimeta 19, na kimo chake chote ni kama sentimeta 80. Janti yake ya chuma ni nyembamba, inchi 5 na nusu. Bosi akinunua janti ya inchi 8, tairi ile ya zamani haiwezi tena kukaa vizuri: kuta zake zinavutwa pembeni, na jiwe moja linatosha kuibandua kwenye ukingo wa janti. Kwa hiyo lazima anunue tairi nyingine, na muuzaji anampa 265/70R16 kwa sababu anazo nyingi dukani.

Namba hizo si mapambo. 265 ni upana kwa milimita. 70 ni urefu wa ukuta wa tairi, yaani asilimia 70 ya upana huo. 16 ni janti kwa inchi. Piga hesabu: asilimia 70 ya 265 ni 185 na nusu; ukuta wa juu na wa chini pamoja ni 371; ongeza janti, milimita 406. Unapata sentimeta 77 na kitu. Tairi imekuwa pana zaidi, lakini imekuwa fupi kwa karibu sentimeta 3, na chini ya difa umepoteza sentimeta moja na nusu hivi. Mtu amelipa pesa ili jipu yake ionekane kubwa, na tumbo la jipu limeshuka kuyafuata mawe.

Kama ni lazima janti ya inchi 7 ao 8, basi ile 265/75R16 inarudisha kimo kilekile cha sentimeta 80. Na kama unaweza kupata janti ya inchi 6 ao 7, mimi ningechagua 235/85R16 bila kufikiri mara mbili. Ni nyembamba, ni ndefu, inakaribiana sana na 7.50, na haihitaji mpira wa ndani ikiwa janti imetengenezwa kwa ajili hiyo. Ila usiilazimishe kwenye janti ya inchi 8. Uliza upana wa janti kwanza, tairi baadaye. Watu wengi wanafanya kinyume.

Kuna namba nyingine ambayo hakuna anayeisoma, ile inayofuata baada ya kipimo. Ukiona 112, tairi hiyo moja inabeba kilo 1120. Ukiona 120, inabeba kilo 1400. Kwa tairi nne, tofauti ni zaidi ya tani moja. Tairi pana iliyotengenezwa kwa jipu ya familia mara nyingi ni ya namba ndogo, na sisi tunaipakia watu 15 na magunia juu. Halafu ikipasuka tunasema ni bahati mbaya.

Wenye janti pana watanijibu kwamba tairi pana haizami. Ni kweli, mahali fulani. Kwenye mchanga, ao kwenye dimbwi la msituni Walikale ambalo halina chini, tairi pana iliyopunguzwa upepo inaweza kuelea pale nyembamba inapozama. Lakini matope mengi ya Masisi ni ya namna nyingine: juu ni udongo laini unaoteleza kama sabuni, chini kuna ardhi ngumu. Tairi nyembamba inakata ule udongo, inafika chini na kushika. Ile pana inabaki juu, inazunguka, jipu inaanza kwenda ubavu kuelekea korongo. Tena kuna mifereji iliyochimbwa na Fuso na kamio nyingine. Magurudumu yaliyosogezwa nje hayaingii sawa katika mifereji hiyo; gurudumu moja liko ndani, lingine linapanda ukingo, na gari yote inalala upande. Kila sentimeta unayolisogeza gurudumu nje inaongeza pia mzigo juu ya rulemani na inafanya usukani uwe mzito. Shofere anajua. Bosi haendeshi.

Wamotari nao wameingia katika mtindo huu, na kwao hatari ni kubwa zaidi kwa sababu moto ndiyo ambulansi yetu. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa kwa moto. TVS na Boxer nyingi hutoka kiwandani na 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Kijana anaweka nyuma 110/90-17 kwa sababu ina meno makubwa. Tairi hiyo inataka janti ya inchi 2 na nusu hivi, na janti yake haifiki inchi 2. Inabanwa, inakuwa ya duara kama ndizi, sehemu inayogusa barabara inabaki ndogo katikati, na kwenye mteremko moto inayumba. Tena ni ndefu kwa karibu asilimia 8, kwa hiyo nguvu inapungua kwenye mlima, na mnyororo unaweza kuanza kusugua mpira. Meno makubwa yanapatikana pia katika kipimo cha 3.00-17. Itafute hiyo.

Vyama vya wamotari vina nguvu ya kukusanya mchango na kusimamisha kazi siku nzima. Vingeweza pia kubandika kwenye kila stendi karatasi moja yenye vipimo vya janti na tairi zake. Gharama yake ni ndogo kuliko mazishi. Na bosi anayedai malipo ya kila juma angemsikiliza kwanza yule anayeshika usukani kabla ya kwenda dukani Birere.

Ukiwa huko Birere, geuza tairi uangalie tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2316 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira umekwisha kukauka, hasa kwa zile zilizotumika kwanza Ulaya ao Dubai. Ukiona nyufa ndogo ukutani, mwachie muuzaji. Zitafaa kuvalishwa magurudumu ya chukudu.

Na wewe uliyekwisha kununua janti pana, usiziuze zile za chuma. Janti ya chuma ikipindika Nyabiondo, fundi anaipiga nyundo na unaendelea na safari. Ya aluminiamu inapasuka, na nyingine iko Goma.