Magari Kuukuu Yapitayo Mombasa

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Kikomo cha jirani zetu wa Kenya ni miaka 8. Hivyo gari la miaka 12 kutoka Japani hupita bandari ya Mombasa bila ruhusa ya kubaki huko, likaja kuuzwa Kampala, pengine kwa askari aliyejinyima miaka mingi.

Hatulaumu ukuukuu wa gari. Twalaumu kulinunua kwa macho. Rangi hupakwa upya, mita ya kilomita hurudishwa nyuma. Ndugu askari na amtafute fundi asiyejuana na muuzaji, injini iwashwe ikiwa baridi, na namba ya chesisi ilinganishwe na kadi kabla fedha hazijatoka mfukoni.